Kampuni Mbovu Haikuanza Leo

Kabla sijawa mwandishi wa habari nilikuwa injinia. Wengi mnaonisoma hamlijui hilo, na wachache wanaolijua hunitania kwamba niliacha kupima mitaro nikaanza kupima maneno ya watu. Sina ugomvi nao. Lakini leo nataka niseme kidogo juu ya ile kazi yangu ya kwanza, kwa sababu bila hiyo nisingepata hamu ya kusoma habari za kampuni nyingine, ya zamani sana, iliyofanya kazi katika mji uleule.

Mji wenyewe ni Bagamoyo, na hasa Dunda, kata yenye Mji Mkongwe, ile mitaa ya nyumba za mawe na milango ya nakshi ambayo watalii huja kuipiga picha asubuhi na kuondoka kabla jua halijapoa. Nilipanga chumba huko. Nilikuwa nimetoka chuo, shahada ya uhandisi wa ujenzi mkononi, nimeajiriwa na mkandarasi mmoja mdogo (jina simtaji, na msiniulize) aliyepata tenda ya kuchimba mitaro na kujenga makalavati kwenye barabara za vumbi nje ya mji.

Ofisi yake ilikuwa vyumba viwili Dar es Salaam. Mkurugenzi ndiye aliyekuwa mhasibu, ndiye ofisa manunuzi, na siku dereva akigoma basi ndiye dereva. Injinia nilikuwa mimi peke yangu. Malipo ya awali ya mradi wetu yalikuwa yameshalipa madeni ya mradi uliotangulia, na huo uliotangulia, kama nilivyokuja kuelewa baadaye, nao ulikuwa umelipa madeni ya mwingine wa kabla yake. Naomba saruji mifuko mia, inakuja ishirini. Mafundi wanaambiwa watalipwa Jumamosi, lakini haisemwi Jumamosi ipi. Mchoro unasema bomba la kalavati liwe na kipenyo cha milimita 900, lori linashusha ya milimita 600 kwa sababu ndiyo yaliyokuwepo dukani. Nikaandika barua ya kupinga, ndefu, yenye mahesabu. Jibu lake lilikuja kwa simu: "Injinia, maji hayasomi michoro."

Masika yalipoingia maji yalipita juu ya lile kalavati usiku mmoja tu. Kifusi kikaondoka, bomba likabaki limetokeza kama jino la mzee.

Jioni tulikuwa tunakaa ufukweni, karibu na lile jengo la forodha ya zamani, mimi na fundi mkuu na vijana wawili wa kupima, tunatafuna mihogo ya kukaanga ya mkopo. Mazungumzo yalikuwa yaleyale kila siku. Mmoja anaanza: "Ndiyo sisi Waswahili." Mwingine anaitikia: "Ingekuwa kampuni ya Mzungu ungeona mambo haya?" Na mimi, msomi wenu, nilikuwa natikisa kichwa kukubali. Nilikuwa nadai mishahara ya miezi mitatu, na mtu anayedai miezi mitatu hukubali chochote anachoambiwa kuhusu taifa lake.

Sasa kinachonichekesha mpaka leo ni mahali tulipokuwa tumekaa tukiyasema hayo. Kampuni ya Mzungu ilikuwepo. Ilikuwepo palepale, hatua chache kutoka kwenye mihogo yetu. Na kama mnataka kusikia habari ya kampuni iliyoendeshwa ovyo, vuteni viti.

Tarehe 4 Novemba 1884 walishuka Unguja vijana watatu wa Kijerumani. Walikuwa wamesafiri kama abiria wa sitahani, wale wanaolala nje kwenye upepo, na walikuwa wamejigeuza makanika. Carl Peters, Carl Jühlke na Joachim von Pfeil. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa makanika. Peters alikuwa na udaktari wa historia, Jühlke alikuwa mwanasheria, na Pfeil alikuwa mtoto wa ukoo wa kikabaila aliyewahi kuishi Afrika Kusini. Wote walikuwa chini ya miaka 30. Mimi kama injinia nimelifikiria sana jambo hili. Kampuni iliyokuja kutawala pwani yetu ilianza na watu waliojifanya wanajua kufunga nati.

Walivuka mpaka Saadani, kaskazini ya Bagamoyo, wakaingia bara. Uzigua, Nguru, Usagara, Ukami. Kwa muda wa wiki chache wakakusanya mikataba kumi na miwili, iliyoandikwa kwa lugha ambayo machifu waliotia alama hawakuweza kuisoma, na katikati ya Desemba Peters akatokea Bagamoyo mgonjwa, karatasi ziko mfukoni. Tarehe 27 Februari 1885 Kaisari Wilhelm wa Kwanza akatoa hati ya ulinzi. Hapo ndipo ilipotokea Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki.

Tazameni sasa mali ya kampuni hiyo. Ardhi kubwa kuliko nchi nyingi za Ulaya, kwenye karatasi. Fedha, karibu hakuna. Wenye benki wa Ujerumani hawakuwa wajinga, waliuliza faida itatoka wapi na hawakupata jibu, mpaka Bismarck akalazimika kuwasukuma, na mwaka 1887 kampuni ikapangwa upya kwa fedha za akina Karl von der Heydt, mwenye benki wa Elberfeld, na maki 500,000 za Kaisari mwenyewe zilizopitishwa katika benki ya serikali ya Prussia (maki ndiyo ilikuwa pesa ya Wajerumani). Wakati huo Peters alikuwa ameshafungua vituo huku na huku, zaidi ya kumi, kila kimoja na Mjerumani mmoja au wawili, banda, bendera na homa. Kimoja kiliitwa Petershöhe, yaani kilima cha Peters. Bosi anayekipa kituo jina lake kabla kituo hakijatoa hata gunia moja la kuuza, huyo mimi namjua, nimefanya naye kazi.

Kingine kiliitwa Dunda, kando ya mto Ruvu, ambao Wazungu wa wakati huo waliuita Kingani. Msikichanganye na kata niliyopanga mimi, jina ni moja lakini mahali si pamoja. Ila nilipoliona jina hilo kwenye orodha ya vituo nilicheka peke yangu kama mwehu.

Vituo hivyo havikuwa na mpango wa maana. Kituo kinahitaji barabara ya kuleta vifaa, kinahitaji soko, kinahitaji watu wanaolipwa kwa wakati. Kampuni ilikuwa na bendera. Nguvu zake nyingi zilikwenda kwenye kupanua ramani ili wenye hisa wa Berlin wapate cha kutazama, na Jühlke mwenyewe aliuawa mwishoni mwa 1886 huko Kismayu akiwa katika safari za namna hiyohiyo za kutafuta ardhi zaidi.

Halafu wakapewa pwani.

Hapa ndipo mambo yanapokuwa mazito. Sultani Barghash alifariki Machi 1888. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 28 Aprili, mdogo wake Khalifa akatia saini mkataba wa kuikodisha kampuni utawala wa pwani yote kuanzia mto Umba mpaka Ruvuma kwa miaka 50, na ushuru wa forodha ukiwa ndani yake. Mkataba ulisema kampuni itatawala kwa jina la Sultani na chini ya bendera yake. Fikiria kampuni ambayo haijaweza kuendesha vituo kumi na ushei vya mabanda inakabidhiwa bandari ambazo kwa miaka mingi ziliendeshwa na watu wenye uzoefu, wenye daftari zao, lugha zao na heshima zao: maliwali, maakida, majumbe, na matajiri wa Kihindi waliokuwa wakikodi forodha kwa Sultani. Bandari nyingine kampuni ilipeleka maofisa wawili tu. Kilwa walikuwa wawili.

Agosti 1888 wakaingia kazini. Bagamoyo ilikuwa mji mkubwa wa biashara wakati ule, misafara ya pembe za ndovu kutoka Unyamwezi ilifikia hapa, wapagazi kwa maelfu. Na jambo la kwanza ambalo kampuni ilifanya katika mji huu, mnalijua? Siyo kurekebisha gati, wala kupima barabara. Iligombania mlingoti. Mkurugenzi wake, Ernst Vohsen, alitaka bendera ya Sultani iondolewe kwenye nyumba ya liwali ipelekwe kwenye nyumba ya kampuni. Liwali akakataa. Wakaletwa askari wa majini kutoka manowari iitwayo Möwe, wakaukata ule mlingoti.

Huo ndio mradi wa kwanza wa kampuni Bagamoyo: kukata nguzo.

Pangani hali ilikuwa hiyohiyo, na zaidi. Ofisa wa huko, Emil von Zelewski, alimvunjia liwali heshima mbele ya watu wake. Zikaja amri za kuandikisha ardhi na nyumba, kwamba kila mwenye mali athibitishe kwa karatasi, katika miji ambayo watu walirithi mashamba kwa kujuana. Mtu yeyote aliyewahi kuishi pwani wiki mbili angewaambia kwamba hili haliwezekani. Na walikuwepo waliojua, maana baadhi ya maofisa wa kampuni walishakaa nchini miaka mitatu. Lakini katika kampuni ya namna ile anayejua hasikilizwi. Anapigiwa simu, kwa namna ya wakati wake.

Septemba 1888 pwani ikawaka. Pangani na mashamba yake akaongoza Abushiri bin Salim al-Harthi, Saadani akasimama Bwana Heri wa Uzigua. Kilwa wale maofisa wawili wakauawa. Tanga, Lindi na Mikindani kampuni ikakimbia. Bagamoyo iliposhambuliwa mwezi huohuo, manowari Leipzig ilishusha askari 260, na katika mapigano ya siku hiyo zaidi ya watu mia moja wa upande wetu waliuawa, wengi wa waliobaki wakakimbilia kwenye misheni ya Mapadri wa Roho Mtakatifu, ambayo ilikuwepo tangu 1868, wakalala chini ya miembe. Ikafika mahali kampuni yenye mkataba wa miaka 50 imebakiwa na miji miwili, Bagamoyo na Dar es Salaam, nayo chini ya mizinga ya meli.

Miaka 50 iliisha kabla mwezi wa pili haujatimia.

Kampuni ya kawaida ikifika hapo hufungwa, mali inauzwa, wenye hisa wanalia. Haikuwa hivyo. Bunge la Ujerumani likapitisha maki milioni 2 mwanzoni mwa 1889, akaletwa Hermann Wissmann na jeshi la Wasudani walioandikishwa Cairo na Washangaan kutoka Msumbiji. Tarehe 8 Mei 1889 wakaivunja kambi ya Abushiri karibu na Bagamoyo. Desemba 15 mwaka huohuo akanyongwa Pangani. Bwana Heri akaweka silaha chini mwaka 1890. Bagamoyo ilikuwa imeungua sehemu kubwa, mashamba ya minazi yamekatwa, misafara imekwama bara.

Na kampuni? Subirini, maana mimi hapa ndipo nilipoacha kusoma nikaenda kutembea. Novemba 1890 ilifanya mkataba na serikali yake. Serikali inachukua utawala kuanzia tarehe 1 Januari 1891, na kampuni, kama fidia, inalipwa maki 600,000 kila mwaka kutoka kwenye ushuru wa forodha wa pwani hii. Yaani mfanyabiashara wa Bagamoyo aliyerudi kwenye nyumba iliyoungua, akaanza tena kuuza pembe na sandarusi na mpira, kila alipolipa ushuru alikuwa anawalipa wale waliomkatia mlingoti. Pamoja na hayo kampuni ikaachiwa kutengeneza sarafu za nchi. Rupia na pesa zenye jina lake zilitolewa kuanzia 1890, na serikali ilikuja kuchukua kazi hiyo yenyewe mwaka 1904. Ile pesa ya shaba ukiitazama upande mmoja ina maandishi ya Kiarabu yanayosomeka kama "sharika ya Almania". Nimewahi kuishika moja. Imelika, kijani kibichi, nyepesi kuliko nilivyodhani.

Mwaka 1891 makao makuu yakahamia Dar es Salaam. Bandari ya Bagamoyo ni ya maji mafupi, meli kubwa husimama mbali, na hilo ni jambo la kihandisi lisilo na ubishi. Lakini jamani, mji ulihamwa na watu ambao miaka mitatu tu kabla walikuwa wameuangamiza.

Mpaka hapo sijasema juu ya mainjinia, na niliahidi. Mainjinia wanaingia Tanga.

Mwaka 1891 kampuni hiyohiyo ilizaa kampuni nyingine, ya reli, kwa ajili ya kupandisha njia kutoka Tanga kwenda Usambara ambako Wajerumani walikuwa wanaanza kulima kahawa. Mtaji ulikuwa maki milioni 2. Ramani za ndoto zilikuwa zinaipeleka reli hiyo mpaka Kilimanjaro na hata Ziwa Viktoria. Ujenzi ukaanza 1893. Mwaka 1896 reli ikafika Muheza, kilomita 40 kutoka Tanga.

Ikasimama. Fedha zimekwisha.

Nitaeleza kidogo mambo ya kazi, wasiopenda waruke aya hii. Kilomita za kwanza za reli ndizo ghali kuliko zote. Unanunua injini za treni hata kama njia ni fupi. Unajenga karakana, unajenga mahali pa kushushia vyuma, na Tanga enzi hizo mzigo wote ulitoka melini kwa matishari mpaka ufukweni. Unainua tuta kutoka usawa wa bahari, unapita mabonde yenye maji ya masika, kila bonde linataka daraja au kalavati (naam, kalavati). Mtaji ukipangwa kwa kugawanya fedha zote kwa idadi ya kilomita, utaishia njiani, na ukiishia njiani una reli ambayo gharama zake za matunzo zimeshaanza lakini mzigo wake bado uko mlimani. Nyasi zinaota katikati ya mataruma. Mvua inakula tuta. Wafanyakazi unao, kazi huna. Reli ya Tanga ilikaa hivyo miaka mitatu, mpaka 1899 serikali ilipoinunua kwa maki zipatazo milioni 1.3. Korogwe ilifika 1902, Mombo 1905, Moshi 1911. Mwaka huo wa 1899, wakati kichwa cha reli ya Tanga bado kiko Muheza, Waingereza walioanza Mombasa mwaka 1896 walikuwa wameshafika Nairobi, zaidi ya kilomita 500.

Injinia aliyekaa Muheza miaka ile mitatu namfikiria sana. Anaamka asubuhi, anakwenda kwenye mwisho wa reli, anatazama milima ya Usambara iko pale mbele yake kabisa. Anajua shahada yake inasema anaweza kuifikia. Anaandika barua.

Msije mkasema ni Wajerumani tu. Waingereza hawa hawakufika Nairobi kwa sababu ya kampuni, walifika kwa fedha za serikali, baada ya kampuni yao kufa. Hiyo nayo ni habari. Sir William Mackinnon, tajiri wa meli wa Kiskoti, mwaka 1877 alianza kufungua barabara kutoka Dar es Salaam kuelekea Ziwa Nyasa. Ikaachwa 1881 ikiwa imepita kidogo kilomita 100, na msitu ukairudia. Mwaka 1888 huyohuyo akaanzisha Kampuni ya Kibeberu ya Uingereza ya Afrika Mashariki, makao Mombasa, lakini amri zinatoka kwake Uingereza, na barua ya kwenda na kurudi inachukua miezi. Mwaka 1890 ikaanza reli. Jina lake, naomba msicheke, Reli ya Afrika ya Kati. Ilijengwa maili 7 ikaishia hapo. Maofisa waliitumia kwenda matembezini. Baadaye vyuma vikang'olewa vikatandikwa kisiwani Mombasa kwa ajili ya vile vigari vya kusukumwa na watu.

Mackinnon alifariki 1893, kampuni ikafuata 1895. Ilifidiwa pauni 250,000, ambapo serikali ya Uingereza ilitoa 50,000 na Zanzibar ikatoa 200,000. Na hizo 200,000 za Zanzibar zilitoka wapi? Zilikuwa ni zile maki milioni 4 ambazo Sultani alilipwa na Wajerumani mwaka 1890 kwa kuuziwa pwani moja kwa moja, Bagamoyo ikiwemo. Hesabu ni ileile, milioni 4 za maki ni pauni 200,000 za wakati huo. Bei ya pwani yetu, iliyouzwa kwa sababu kampuni moja ilishindwa kazi, ikatumika kulipa madeni ya kampuni nyingine iliyoshindwa kazi.

Niliposoma hilo nilimkumbuka mkurugenzi wangu na malipo yake ya awali. Mradi mmoja unalipa mwingine. Kumbe hakubuni kitu.

Kwa haki niseme kwamba ndani ya kampuni ile ya Kijerumani palikuwa na mtu aliyefanya kazi yake. Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo, alisoma juu ya mmea wa nyuzi wa Mexico, akaagiza miche 1,000 kutoka Florida. Iliyofika hai Tanga ni 62. Ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani mwaka 1893, na kutoka kwenye hiyo miche 62 ukatoka mkonge wote uliokuja kuifanya Tanganyika kuwa mzalishaji mkubwa kuliko wote duniani. Mkonge nao una machozi yake, walioukata wanajua, na siku nyingine nitauandika. Ninachosema ni kwamba katika nyumba ile ya wagombea milingoti kulikuwa na mtu mmoja aliyehesabu miche, na miche ndiyo iliyoishi kuliko bendera.

Sasa turudi kwenye mihogo. Haya yote niliyasoma baada ya kuacha kazi, vipande vipande, mengine katika makumbusho ya misheni, mengine katika vitabu vya kuazima. Nilikasirika. Wajerumani walikuwa wameshakufa, kwa hiyo hasira haikuwaendea wao. Nilijikasirikia mimi, kwa kutikisa kichwa zile jioni zote. Ule msemo wa "ndiyo sisi Waswahili" tulikuwa tunausema mbele ya forodha iliyojengwa na watu waliorithi makosa ya kampuni ya Kizungu, katika mji uliolipa gharama za kampuni ya Kizungu, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua. Mkurugenzi wangu alikuwa mtu mbovu wa kuendesha kampuni. Hilo ni tatizo lake na la wale waliompa tenda bila kumuuliza mainjinia wake wako wangapi. Rangi yake haihusiki, na bado namdai.

Nilimsimulia fundi mkuu mwaka huu, nilipopita Bagamoyo kwa kazi nyingine. Ni mzee sasa, amerudi kwenye shamba lake la minazi na hana haraka. Nilimwamkia, tukakaa barazani kwake, nikamweleza yote, kuanzia makanika wa uongo mpaka pauni 200,000. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza swali moja tu:

"Na wale waliokuwa wanabeba vyuma vya reli huko Muheza, mwanangu, fedha zilipokwisha walilipwa?"

Sikuwa na jibu. Nimesoma habari za wenye hisa, za Kaisari, za wenye benki, hesabu zao zimeandikwa mpaka senti ya mwisho. Hakuna cheti cha hisa chenye jina la mbeba mataruma.

Baadaye tulikwenda kwa bodaboda kulitazama lile kalavati letu. Bomba la milimita 600 bado lipo, limejaa mchanga mpaka mdomoni. Watu wa pale wamelaza magogo mawili ya mnazi kando yake na mbao juu, pikipiki zinapita. Maji yamejitafutia njia yao upande wa kushoto, kama mita nne hivi kutoka tulipoweka bomba, na nilipopima upana wa mkondo kwa hatua niliona unakaribia sana ule wa kwenye mchoro wangu.